Gobori bila refa si mchezo

UKIKAA kwenye kijiwe chochote cha soka Kigoma Mjini au Ujiji wiki ya mechi kubwa, lugha inayosikika ni ya porini. Straika ameishiwa risasi. Beki anawindwa dakika zote 90. Mnyama yuko mawindoni, na anayebisha asubiri filimbi ya mwisho. Arsenal, timu iliyoanzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, inaitwa Washika Mitutu hadi leo, na hakuna anayekimbia akilisikia jina hilo.

Huo ni utani wa kandanda, hauna ubaya wowote. Ubaya unaanza pale utani unapovuka mstari wa pembeni na mpira kuendelea kuchezwa huko nje. Kijiwe kilekile kinachomzomea mwamuzi aliyekataa penalti ya halali kinaweza kumpigia makofi mtu mwenye gobori chini ya uvungu, aliyeangusha mnyama usiku na asubuhi akapitisha minofu nyumba kwa nyumba. Huyo huitwa fundi na mwanaume wa shoka. Nyama yake inanukia karibu na kibanda umiza kabla mechi haijaanza, na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Anayejaribu kuuliza hujibiwa kwa hoja moja yenye mashiko: mbona Wazungu wanawinda kwa silaha hizihizi za baruti ya kushindilia, tena wanaitwa wanamichezo? Kwa nini mtu wa Uvinza au Kakonko akifanya hivyo aitwe jangili?

Swali hilo lisipuuzwe. Linataka jibu la kiungwana, na jibu lake linaanzia kwenye silaha yenyewe.

Marekani na Ulaya wapo watu wenye bunduki za kisasa kabatini ambao kwa hiari yao huchukua revolva ya mtindo wa karne ya 19. Samuel Colt alipata hataza ya revolva yake nchini Marekani mwaka 1836, na mifano yake ya 1851 na 1860 bado inatengenezwa upya, hasa na viwanda vya Italia. Silaha hiyo ni ndugu wa damu wa gobori. Haitumii risasi yenye ganda kama bastola ya polisi. Mwenyewe humimina baruti nyeusi katika kila tundu la silinda, huweka gololi ya risasi juu yake, huishindilia kwa mkono wa chuma ulio chini ya mtutu, kisha huvika fataki ndogo nyuma ya kila tundu.

Nyundo ikigonga fataki, cheche inaingia ndani, baruti inawaka na gololi inatoka. Moshi mweupe unatanda kama jukwaa lililowasha moto baada ya bao la dakika za jioni. Mpigaji hata haoni kama amelenga au amekosa mpaka moshi upungue. Akimaliza matundu yake sita, kujaza upya ni kazi ya dakika kadhaa, si sekunde.

Kwa hao wanaoipenda, utamu uko hapohapo kwenye ugumu. Revolva ya aina ya Colt ya 1860 hurusha gololi ya gramu 9 hivi, na nguvu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bunduki ya kisasa ya kuwindia. Mwindaji anayejiheshimu hapigi kutoka mbali. Kwa kipimo cha soka, penalti hupigwa mita 11 kutoka golini na mstari wa boksi uko mita 16.5. Mnyama anatakiwa awe ndani ya boksi, au hatua chache tu nje yake, tena awe ametulia. La sivyo, mwindaji anashusha silaha na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Straika akijaribu shuti kutoka katikati ya uwanja na mpira ukaenda kwa mashabiki, atazomewa basi. Anayejaribu hivyo porini hujeruhi mnyama ambaye atakimbia na gololi mwilini na kufa kichakani baada ya siku mbili tatu, bila faida kwa mtu yeyote. Akiwa nyati, anaweza asikimbie kabisa. Anaweza kurudi kumtafuta mpigaji.

Ndiyo maana huko wanakowinda hivyo, mchezo umezungushiwa kanuni pande zote. Yapo majimbo ya Marekani yenye msimu maalumu wa silaha za kushindilia. Ipo leseni, ipo idadi ya wanyama, ipo tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kila jimbo hupanga silaha ipi inaruhusiwa kwa mnyama yupi, na zipo sehemu ambako revolva ya namna hii inakataliwa kwa wanyama wakubwa kwa sababu haina nguvu ya kuua kwa haraka. Askari wa wanyamapori akimkuta mtu nje ya msimu, hadithi za mapenzi ya silaha za kale hazimsaidii.

Wapo pia wanaopenda baruti nyeusi lakini hawataki kuua chochote. Shirikisho la kimataifa la walenga shabaha wa silaha za kushindilia, MLAIC, lilianza mwaka 1971 na huandaa mashindano ya dunia. Wa revolva hulenga shabaha ya karatasi umbali wa mita 25. Mlenga hupewa mapigo 13 ndani ya dakika 30, na yanahesabiwa 10 yaliyo bora. Msimamizi akisema acha, kila mtu anaacha. Huo ni mchezo kamili: uwanja wake una mipaka, saa inahesabu, na refa yupo.

Kigoma, kwa upande wake, si mgeni wa silaha hizi. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, msafara wao ulikuwa umeondoka pwani mwaka uliotangulia na shehena ya silaha ambayo Burton mwenyewe aliiorodhesha, zikiwamo karabini ya Colt na revolva. Wakati ule revolva za Colt zilikuwa hizohizo za fataki na gololi. Maana yake ni kwamba silaha ambayo leo ni burudani ya wikiendi kwa wenzetu ilishafika ufukwe wa Tanganyika zaidi ya miaka 160 iliyopita, kabla Stanley hajamkuta Livingstone chini ya mwembe wa Ujiji mwaka 1871.

Hata hivyo, silaha iliyoenea mikononi mwa watu haikuwa revolva ya Colt. Ilikuwa gobori, lile refu la mtutu mmoja, lililokuja na misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda mkubwa wa Afrika, lakini ukaacha mlango wazi, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida. Wakubwa wa dunia walijiwekea silaha mpya na kumwachia Mwafrika zile za zamani. Miaka sita baadaye, mwaka 1896, Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyamapori kwa koloni zima, na leseni ikaanza kutenganisha mwindaji na mhalifu.

Historia hiyo inauma na haifai kufichwa. Babu wa Kiha aliyewinda kulisha ukoo wake alilala mwindaji akaamka jangili, bila kuulizwa. Hisia kwamba porini kuna timu moja inayopendelewa haikuzuka juzi kijiweni. Mgeni anayekuja leo kwa uwindaji wa kitalii anapokewa kwa heshima, anaangusha mnyama, anapiga picha. Kijana wa kijiji cha jirani akikutwa na mguu wa pongo anapandishwa karandinga.

Tofauti kati ya hao wawili, hata hivyo, haiko kwenye rangi ya ngozi. Mgeni yule amelipia leseni, ametajiwa mnyama atakayempiga, silaha yake imekaguliwa na anasindikizwa na mtaalamu anayeweza kumwambia usipige. Akikosea, yupo wa kumwadhibu. Mwenye gobori la uvunguni hana leseni, hana mgawo, hana msimu. Anapiga jike mwenye mimba kama anavyopiga dume zee, kwa sababu gizani na kwa tochi vyote vinang'aa macho.

Na gobori lenyewe si kazi ya kiwanda chochote kinachojulikana. Mtutu unaweza kuwa bomba lililokusudiwa kupitisha maji. Baruti inachanganywa kwa kukisia, na gololi inaweza kuwa kipande chochote cha chuma kilichopatikana gereji. Revolva ya Colt ilijaribiwa kiwandani kabla ya kuuzwa, na hata hiyo mwenyewe hupakwa jasho kwa hofu ya cheche kuruka tundu hadi tundu na kulipua yote sita kwa mpigo. Bomba la maji halikujaribiwa na mtu. Siku likipasuka, linapasuka usoni mwa aliyelishika, na hapo hakuna machela inayokimbia uwanjani wala daktari wa timu. Kuna baiskeli au pikipiki, na zahanati iliyo mbali.

Wahenga walisema mchezo kwa paka, mauti kwa panya. Katika uwindaji huu wa gobori, hata paka mwenyewe hajui kama atarudi nyumbani.

Sheria haijafumba macho. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayewinda awe na leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka anayemiliki silaha awe na kibali. Kukutwa na nyara za serikali kunaweza kumpeleka mtu kwenye kesi ya uhujumu uchumi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 na kuendelea. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku baba anahukumiwa atakuwa mtu mzima mwenye familia siku baba anatoka. Hiyo ni kadi nyekundu inayokula misimu 20 ya ligi, na mchezaji anayerudi baada ya hapo harudi kuwa yuleyule.

Anayelipa gharama si huyo mmoja tu. Kigoma ina utajiri ambao mikoa mingi inautamani. Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960, ni moja ya hifadhi ndogo zaidi za taifa nchini, lakini sokwe wake wanajulikana dunia nzima. Mahale, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1985, inaleta wageni hadi kusini mwa ziwa. Pori la Akiba Moyowosi lina mabwawa na mbuga za kuvutia. Kila mlio wa gobori usiku unapunguza hesabu ya utajiri huo, na wanaopoteza ni waendesha boti, wapishi, waongoza wageni na wauza dagaa wa mkoa huohuo.

Lakini lawama zikiishia kwa mwenye gobori peke yake, mwamuzi atakuwa ameangalia upande mmoja wa uwanja. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilichapisha ripoti kuhusu nyama ya porini katika kambi za wakimbizi kaskazini magharibi mwa Tanzania, na jina la ripoti hiyo lilitokana na mboga iliyoitwa mchicha wa usiku. Mchicha huo ulikuwa nyama. Ujumbe wa ripoti ulikuwa mwepesi kueleweka: mgao wa chakula haukuwa na nyama, na pori lilikuwa jirani. Mtu mwenye hamu ya kitoweo na asiye na njia halali ya kukipata hatazuiwa na bango la onyo.

Serikali ililiona hilo, na mwaka 2020 zikatoka kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori. Hatua hiyo ilikuwa ya maana, kwani mwananchi alipewa haki ya kula nyamapori bila kujificha na bila kuogopa hodi ya usiku. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha njia hiyo inafika kwa mtu wa kawaida, si wa Dodoma na Dar es Salaam pekee. Bucha lililo mbali na bei isiyoshikika haliwezi kushindana na kapu linalopita mlangoni usiku.

Vivyo hivyo kwa leseni. Sheria inamtambua mwindaji mwenyeji, na inazitambua jumuiya za hifadhi ya wanyamapori ambazo wanavijiji huziunda wenyewe. Kama wapo vijana wa Kigoma wenye kipaji cha kufuata nyayo na kulenga, nao wapo, basi waelezwe kwa Kiswahili chepesi, kijijini kwao, namna ya kuingia kwenye mchezo halali: ada ni kiasi gani, fomu iko wapi, silaha ipi inakubalika, mnyama yupi haguswi. Huwezi kumlaumu mchezaji kwa kuotea kama hujamwonyesha mstari.

Na kuhusu yale magobori ya uvunguni, mlango umewahi kufunguliwa. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni serikali imetangaza vipindi vya msamaha ambapo mwenye silaha haramu huisalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Tangazo la namna hiyo likitoka tena, lisiishie kwenye taarifa ya habari na kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji. Lipelekwe waliko watu.

Na Kigoma, watu wako mpirani. Uwanja wa Lake Tanganyika ulishaonyesha nguvu yake. Julai 2021 ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga, na bao la Taddeo Lwanga likampa Mnyama ubingwa. Mashujaa walipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Aprili 2024 wakaitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la CRDB kwa penalti, papo hapo nyumbani. Siku hizo mji mzima ulisimama, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na redio zikafunguliwa hadi kwenye mitumbwi.

Hakuna ofisi yenye kipaza sauti kikubwa kuliko hicho. Mashujaa ni timu ya jeshi, timu ya watu wanaoifahamu bunduki na wanaofahamu kwa nini bunduki hukaa ghalani chini ya kufuli na daftari. Nahodha wa timu hiyo akisimama kabla ya mechi na kusema dakika moja tu kuhusu magobori, atasikika na vijana ambao hawajawahi kusikiliza mkutano wa hadhara hadi mwisho. Gharama ya dakika hiyo ni sifuri.

Mashabiki nao wana nafasi yao, na ni kubwa kuliko wanavyodhani. Gobori halilishwi na baruti peke yake. Linalishwa na mnunuzi. Kapu la usiku likipita na kila kijiwe kikasema hapana, mwenye gobori hatakuwa na sababu ya kwenda kulala kwenye nyasi zenye umande. Mwenye kibanda umiza akitaka kuuza nyamapori siku ya dabi, aipate bucha, na risiti ibandikwe ukutani pembeni ya ratiba ya mechi. Wateja wake wana macho makali ya kuona kuotea kwa sentimita mbili kwenye televisheni. Hawawezi kushindwa kuona ukuta usio na risiti.

Shabiki wa soka, kuliko mtu mwingine yeyote, anaelewa jambo hili bila kuhubiriwa. Anajua bao la mkono halina raha hata likiipa timu yake ubingwa, kwa sababu kesho yake lazima alitetee kazini. Anajua timu inayoshinda kwa kuhonga refa haijashinda. Anajua pia kwamba uwanja ukivamiwa, mechi inavunjwa na hakuna anayeondoka na pointi.

Basi kipimo hichohicho kitumike porini. Anayewinda kwa leseni, kwa silaha iliyokubalika na kwa msimu wake, aheshimiwe kama mwanamichezo, awe mgeni au mzawa. Anayelenga karatasi kwa revolva ya kale apigiwe makofi. Anayevizia usiku na bomba la maji lililojazwa baruti asiitwe fundi, na kijana anayetamani kumwiga aambiwe ukweli na watu anaokaa nao kila jioni, kabla hajaambiwa na hakimu.